Kijerumani cha Kabula na Uso wa Baba Yake

Mama Masanja, mke wangu mkorofi,

Hujambo huko Bukene? Mimi mifupa ipo yote, ila leo hapa Mpanda moyo nusura unitoke. Mjukuu wetu Kabula alikuwa anapimwa Kijerumani na sista mmoja Mjerumani, apate nafasi ya kwenda kwao kusomea unesi. Wazee tulikaa benchi la nyuma, na sista alitafsiri kila jibu ili tusikie.

Swali lilikuwa hili: ukipata nafasi, unapenda kufanya nini? Msichana wa kwanza alisema anapenda kusoma. Akaulizwa kitabu gani, akakodoa macho, akatolewa. Kabula wetu anachopenda ni kucheza ngoma tu, na baba yake, mwanao Masanja, mlokole yule, alikuwa amemkazia macho. Mtoto akawa bubu. Sista akashika kalamu amkate.

Nikasimama. "Ich tanze gern!" Yaani napenda kucheza, Kabula alinifundisha jana. Nikatikisa na mabega.

"Baba, kaa chini, unatuaibisha!" Masanja akafoka.

"Aibu gani? Mama yako nilimpata ngomani."

Watu wakacheka, Kabula naye akafunguka: "Ich tanze gern!" Sista akamuuliza nani alimfundisha kucheza. "Meine Oma," akajibu, na sista akatafsiri kwa sauti: bibi yangu.

Nafasi kapata. Ila Masanja anapanda treni Ijumaa kuja kukusema. Mpikie michembe ya viazi vitamu, mwambie mpiga ngoma nilikuwa mimi.

Nakutakia kiuno kizima, mpenzi.

Mumeo