Mama na Tarehe Kumi na Mbili

Makorora, Tanga
13 Aprili

Kwa Kaka Miraji, Raskazone,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, si kwa kuwa moyo umependa. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, na Mama kaamka mchangamfu kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Ningekupigia simu, ila tangu jana hupokei, kwa hiyo nimeshika kalamu.

Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe, wa kwanza tangu Idi. Hukuuliza hali ya mama yako. Ulitaka kwenye kipindi changu cha redio, kile cha matukio ya kihistoria ya tarehe ya leo, nitangaze kuwa tarehe kumi na mbili Aprili mwaka 2015 ulifungua gesti yako ya Chumbageni. Eti na wewe umo katika historia! Nilicheka mpaka fundi mitambo akachungulia. Una macho makavu, kaka.

Tarehe hiyo naijua. Siku kama hiyo, mwaka 1961, binadamu wa kwanza alikwenda anga za juu. Siku kama hiyo, 1984, nchi ilimpoteza Waziri Mkuu Sokoine, na Mama husema Baba alilia barabarani watu wakimwona. Na siku kama hiyo wewe ulimwambia Mama apishe mafundi wiki mbili tu, nyumba aliyoachiwa na Baba ikarabatiwe. Asubuhi hiyo hiyo akatoka na kitanda chake juu ya mkokoteni. Fundi hakuonekana hata mmoja. Alasiri ulichinja mbuzi ukafungua gesti humo humo. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Miaka yote hii Mama anawaambia watu kahamia kwangu kwa hiari yake, anilelee wanangu. Alikuwa akikusitiri wewe, usiyejua hata anameza vidonge gani! Nilipomsomea ujumbe wako alimaliza kukuna nazi. Kisha akanikataza nisikutukane, akauliza kipindi kinaanza saa ngapi.

Sasa nisikilize. Najua umeshaambiwa kuwa ni mimi niliyekuanika hewani. Si mimi. Nilisoma habari ya anga, nikasoma ya Sokoine, halafu nikampisha Mama kiti. Aliyetaja jina lako na la baba yako, akasimulia mkokoteni na mbuzi, ni yeye, wala hakupandisha sauti. Mkuu wa kituo kanisimamisha kazi papo hapo. Sijuti.

Mama alimalizia kwa kutangaza kwamba Jumamosi anarudi nyumbani kwake, na wanawake wa Chumbageni wameshapiga simu kuahidi kumsindikiza. Chumba chake ni kile ulichokibandika namba tatu. Mgeni aliyemo mwambie afungashe.

Msalimie wifi, na watoto wabusu. Mama nilimwomba anipe salamu zako nikuandikie. Kasema atakuletea mwenyewe.

Mimi nduguyo,
Asmahani