Fyuzi Mfukoni Haitoshi

Malaba, Jumatatu

Kwako Baba,

Shikamoo, na ile ya Mama ipokee umpelekee. Mgongo unaendeleaje tangu baridi ianze huko Mwatate? Na macho? Nimeandika herufi kubwa ili usipate kisingizio. Mimi ni mzima wa mwili na nakula vizuri, ila moyo hautulii. Sitakuficha, sababu ni wewe.

Mdogo wangu Mkamburi amenipigia kuniambia nguzo ya stima imefika uani, na kwamba Jumamosi utaunganisha nyumba mwenyewe, pamoja na zile paneli za jua nilizowafungia nilipokuja likizo. Nilipokupigia ulicheka. "Nimefunga stima shamba zima la mkonge kabla hujazaliwa," ukasema, kisha ukaanza kuniuliza bei ya vitunguu vya Uganda. Simu unaweza kuikata, Baba, barua huwezi. Kuna dereva wa lori anarudi Mombasa, ataishusha Voi dukani kwa Mjomba. Bado yuko kwenye foleni hapa mpakani, na nimekwisha kutoka mara tatu kuchungulia kama imesogea.

Unamkumbuka Okisai, yule fundi Mteso ninayefanya naye kazi, aliyewatumia asali? Mwezi uliopita tuliitwa na Mama Nekesa, muuza maziwa baridi kwenye barabara ya kwenda Kocholia. Kisanduku chake cha swichi kilikuwa kimeungua, akataka tumwekee kipya. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Nikafanya ulivyonifundisha: nikachomoa fyuzi kuu, nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Taa zikazima. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema nikikushikia ngazi? "Fyuzi ikiwa mfukoni mwangu, nyumba ni maiti." Basi nikamwambia Okisai, "Imekufa. Ingia."

Kipimo cha umeme kilikuwa ndani ya begi, hatua tatu kutoka niliposimama. Sikukitoa.

Nyumba ile ina paneli juu ya bati, na chumbani nyuma ya pazia kuna betri na inveta inayogeuza umeme wa jua uwe kama wa nguzo. Nilikuwa nimeviona. Inveta ilikuwa imezimwa, nami nikaona inatosha. Lakini Mama Nekesa amezoea, kama watu wote wa huku: stima ikipotea, mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi ya jua. Alisikia friji imenyamaza, akaingia chumbani akawasha. Umeme ukarudi kwenye kisanduku kwa mlango wa nyuma, na Okisai alikuwa ameshika waya.

Nilisikia kishindo. Nikamkuta ameangukia makreti ya maziwa, macho wazi, hasemi. Baba, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Mama Nekesa akaja mbio na kukuta hali ile, akalia akijishika kichwa: "Mimi niliona tu friji imezima, nikasema ni stima imeenda. Si ya jua ndio ya kusaidia maziwa? Mbona hamkuniambia?"

Ni kweli, hatukumwambia.

Okisai yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, na bisibisi inamponyoka. Jana nilimpelekea uji. Akauonja, akasema umeungua, tukacheka. Kisha akaniangalia akasema taratibu, "Lakini dada, si ni wewe ulisema imekufa?" Tangu hapo sikai nikatulia. Nafagia chumba kilichofagiliwa.

Sikulaumu, Baba. Kanuni yako ilikuwa kweli enzi zako, umeme ulipokuwa na njia moja tu ya kuingia nyumbani. Siku hizi una njia mbili, na hiyo ya juu ya paa haina fyuzi ya kutia mfukoni. Jua likiwaka, paneli zinatoa umeme hata ungezikemea. Na usiniambie utazifunika blanketi, nakujua. Betri haijui blanketi.

Kwa hiyo nakuomba, mwanafunzi akimwomba mwalimu wake. Kwanza zima vyombo vyote, kisha inveta. Halafu ile swichi nyekundu niliyoweka ukutani kwa ajili ya waya za paneli. Usizichomoe kabla ya kuizima, cheche yake haizimiki upesi. Mwisho tenga betri. Hata hapo, waya zinazotoka paani hadi kwenye swichi nyekundu zinabaki na umeme mchana kutwa, usiziguse. Nimekufungia kufuli pamoja na barua. Lipige kwenye swichi nyekundu, ufunguo ukae nawe, na Mama ajue hakuna kuwasha kitu mpaka useme. Ngoja robo saa, inveta huwa inabaki na umeme tumboni. Kisha pima. Usipime kwa mgongo wa mkono kama zamani, pima kwa kipimo, na kwanza kijaribu mahali penye umeme ujue kinafanya kazi.

Nisalimie Mama, umwambie dagaa wa Busia nitamletea. Msalimie Shangazi anayekaa nanyi, na Mjomba wa duka umshukuru kwa kuileta barua. Dereva ananipigia honi, foleni imesogea.

Najua unatafuta koleo lako la kukatia waya tangu juzi. Usiwagombeze watoto wa jirani. Analo Mkamburi, nilimwambia alifiche. Nimemwagiza akurudishie ukishamsomea barua hii yote kwa sauti, Mama akisikia. Kama umefika hapa, nyoosha mkono akupe. Mkono huo, Baba, nataka niukute na vidole vyote vitano.

Binti yako na mwanafunzi wako,
Wakio