Tofali la Maposeni

Bombambili,
S.L.P. 214,
Songea.
22 Agosti, 1993.

Mpendwa Shangazi Jane,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Masasi, wewe pamoja na watoto. Goti lako linaendeleaje? Baba alisikia kutoka kwa dereva mmoja kwamba ulikuwa ukienda kazini kwa fimbo, akasikitika sana. Tafadhali utujulishe ukweli, usitufiche kama mara ile ya malaria.

Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kupungua, ila asubuhi bado nakwenda shule na sweta. Mama anakohoa kidogo tu. Baba ni mzima wa mwili. Masomo yangu ya kidato cha pili yanaendelea vizuri, isipokuwa Fizikia, ambayo mwalimu wake alihamishwa na hajaja mwingine.

Shangazi, nina habari moja ambayo Baba hataki kukuandikia. Anasema mambo ya kanisa hayasafirishwi kwa posta. Mimi naona wewe ni dada yake, ulibatizwa katika kanisa hili hili, na tena nina ombi kwako. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo.

Unakumbuka kanisa letu la udongo lilivyokuwa likivuja kwenye altare. Mwaka huu Waangilikana wote wa hapa tulikubaliana kujenga la matofali ya kuchoma, kuta mpya zikilizunguka lile la zamani. Tangu mvua zilipokatika tulikuwa tunashuka bondeni kila Jumamosi kufyatua. Kwa sababu watu wengine nao wanafyatua bonde hilo hilo, Mzee Polikarp, kiongozi wa wazee wa kanisa, alitufundisha kuchora msalaba kwa kidole juu ya kila tofali likiwa bado bichi, yasije yakachanganyika na ya watu. Hata watoto wadogo walichora. Baba alikabidhiwa tanuri, akalilinda siku zote za kuchoma mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi.

Tanuri lilipofunguliwa, watu walitazama rundo wakasema limepungua. Limepungua au halikupungua, mimi sijui, maana ya chini yaliungua yakashikamana, yakatupwa. Lakini wiki hiyo hiyo Mama Febe alipita njia panda, pale Bwana Remmy anapojenga nyumba ya mashine ya kusaga. Akaona ukuta. Matofali yana msalaba.

Nilikwenda kuangalia mwenyewe nikitoka shule. Ni kweli, Shangazi. Msalaba hapa, msalaba pale, mpaka juu ya dirisha.

Hakuna aliyemwambia Baba kuwa ni mwizi. Ingekuwa afadhali. Walianza tu kunyamaza akifika. Kisha wakasema ufunguo wa stoo ya kanisa ukae kwa mtu mwingine, ili Baba apumzike. Kisha mtu akauliza, kama kwa utani, ndugu yetu Dastan tangu apunguzwe kazi kule ushirika bati za chumba cha uani kazitoa wapi. Wewe unajua ni kiinua mgongo chake, lakini hawakukuuliza wewe. Siku hizi tunakaa benchi la nyuma, na wakati wa kupeana amani watu wanatushika ncha za vidole.

Mama amekasirika. Alimwambia Baba, "Twende kwa Waroma, Baba Leti. Parokia yao kubwa, hakuna atakayetuuliza habari za bati." Baba akajibu, "Nikiondoka leo, watasema kaondoka na matofali." Akaendelea kula.

Na mimi nikakaa namtazama anavyokula. Shangazi, nilikuwa namchunguza. Nilichungulia viatu vyake kama vina vumbi la njia panda. Bwana Remmy alipompungia mkono barabarani, nilijiuliza wamejuana lini. Nilisali jambo hili liniondoke, halikuondoka. Ukishaanza kumwangalia mtu hivyo, hata akifunga kamba ya kiatu unaona kuna kitu.

Jambo lililoniumiza zaidi ni la kipaimara. Askofu atakuja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nami nimefundishwa tangu mwaka jana, naijua katekisimu yote. Mama Febe ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Akaja nyumbani, hakukaa, akasema mgongo unamsumbua, hataweza kusimama nyuma yangu siku hiyo. Lakini kwa Jeni, binti wa jirani, anasimama. Huko mgongo haumsumbui.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumamosi ya wiki iliyopita rafiki yangu Kunegunda, ambaye ni Mkatoliki, aliniomba nimsindikize Maposeni kwa bibi yake kuchukua mahindi. Tulipokaribia nyumbani kwao, kando ya kigango chao, kile kikanisa cha Wakatoliki wa hapo, niliona matofali yameanikwa. Nikasimama. Kila moja lina msalaba wa kidole.

Mzee mmoja alikuwa akiyageuza, Kunegunda anamwita Babu Otto. Kunegunda akacheka, "Babu, huyu Mwangilikana anashangaa msalaba kama kaona nyoka."

"Kwani wao huchora nini?" akauliza yule mzee. "Jongoo?"

Nikamsalimia, nikamwuliza kama wamewahi kumpa Bwana Remmy matofali. "Yule wa mashine? Si ni mtu wa kwetu hapa," akasema. "Ya kigango yalizidi, tukampa, naye akatuletea bati za sakristia. Toka enzi za baba yangu tunachora hivyo. Kwani msalaba mmeununua ninyi?"

Nilifurahi sana, nikaona aibu pia. Tulichora msalaba ili tutambue ya kwetu, tukasahau kwamba nusu ya mkoa huu ni Wakristo! Nikamwomba tofali moja lililokwisha kuchomwa. "Chukua," akasema, "ila padre wenu asije akadai na mnara."

Nililiweka chini ya mahindi kwenye kikapu. Kumbe nilifanya ujinga. Pale stendi ya Songea nilipoteremka, nani alikuwa amesimama akingoja gari? Mama Febe.

"Leticia mwanangu, kikapu kizito hicho, lete nikushikie upande." Akashika, mahindi yakamwagika. Tofali likakaa peke yake, msalaba juu. Mama Febe akalitazama, akanitazama, akasema, "Ee Bwana wangu. Sasa mnabeba mchana."

Nilimweleza mambo ya Maposeni. Alikuwa akiitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayemwitikia mgonjwa.

Kesho yake baada ya misa habari ilikuwa imeenea. Mzee Polikarp alituita nje karibu na rundo, maana Padre wetu alikuwa bado safarini Liuli. "Binti," akaniambia, "hilo tofali ulitoa wapi kweli?" Ile "kweli" aliivuta sana.

Kabla sijajibu Baba alichukua lile tofali mkononi mwangu. Akaokota na mengine kutoka rundo letu, akatugeuzia mgongo, akayachanganya, akayapanga chini. "Mzee Polikarp," akasema kwa upole, "moja ni la Maposeni. Nichagulie."

Mzee Polikarp akachuchumaa. Akageuza hili, akakwaruza lile kwa ukucha, jingine akalinusa. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mtu akasema, "Lionje kabisa, Mzee!" Mwishowe akaweka mkono juu ya moja. "Hili siyo la kwetu. Msalaba wake umepinda."

"Si umepinda, ni kidole changu!" Mama Febe akapiga kelele. "Hakinyooki tangu nilipovunjika. Hilo ni langu mimi, Mzee. Mimi ndiye Mroma leo?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba hakucheka. Alisimama tu akingoja.

Mzee Polikarp alijikung'uta mikono. Akasema hiyo haithibitishi kwamba mengine hayakuibwa, na kwamba mambo haya tutayazungumza Padre akirudi. Basi. Ufunguo haukurudi. Lakini wanaume wawili walimshika Baba mkono wakati wa kuondoka, mkono mzima.

Jioni Mama Febe alikuja na mkungu wa ndizi. Akasema mgongo umepata nafuu, atasimama nyuma yangu. Nilimshukuru kwa adabu. Shangazi, sijui kama amekuja kwa kunipenda au kwa sababu watu walicheka. Labda nami nimeambukizwa ugonjwa ule ule. Lakini siku ya kipaimara msimamizi huweka mkono begani mwako mbele ya Askofu, na sitaki kuwa nimepiga magoti huku nauliza mkono ule una maana gani.

Ndiyo maana nakuandikia. Naomba uje wewe. Najua njia ya Tunduru ni mbaya, na goti linauma, na likizo ya kazi yako ya hospitali haipatikani kirahisi. Ila Oktoba bado ni kiangazi, magari yanapita. Nataka mkono wa mtu ambaye hakuhitaji kwanza kuonyeshwa tofali.

Jana Baba alikwenda tena kuwabebea mafundi matofali, kama kila Jumamosi. Mimi na Mama tulimfuata na maji. Fundi aliuliza lile tofali la Maposeni liwekwe wapi, maana hakuna aliyetaka kulirudisha. Baba akalipaka udongo, akaliweka mwenyewe, upande wa kulia wa mlango. Leo asubuhi nilipoingia kwa mlango huo kwenda misa nililitafuta nisilione. Yote yanafanana. Nikapita mbele, nikakaa benchi letu la zamani, na Mama akanifuata.

Nisalimie sana Romanus na mdogo wake, na Mama Mwanaisha jirani yako, mwambie korosho zake zilifika zote. Baba na Mama wanakusalimu, ingawa Baba hajui nimeandika nini. Mungu akulinde njiani, na goti lako alitie nguvu ya kufika huku.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Leticia