Ile Nguo ya Jeshi ya Baba Mkwe Wako

Nyakabanda, Kigali,
3 Machi 2026.

Mwanangu mpendwa Aidah,

Assalaam alaykum. Hujambo mama? Ule mguu uliovimba umeshashuka? Ngabo mume wako hajambo, na mjukuu wangu anakula vizuri? Sisi huku tuko wazima, ni mvua tu, na cherehani yangu inakata uzi kila saa. Alhamdulillahi.

Barua hii nimempa jirani yetu Illuminée anayekuja huko Mwanza kwa basi. Kwa simu nilijaribu mara mbili, nikakata kabla hujapokea.

Mwanangu, nimemharibia baba mkwe wako. Unajua Mzee Gatera alikuwa anagombea baraza la wilaya, na watu wakawa wanabishana kama kweli alikuwa jeshini au anajisifu tu. Wiki tatu zilizopita walibishana dukani kwangu, kule mtaa wa Gitega. Mimi nikataka kumtetea bamwana wangu, baba wa mkwe wangu, nikasema kwa nguvu, "Mimi mwenyewe nilimshonea nguo zake za jeshi!"

Maana yangu ni kwamba nilimshonea pale palipochanika, begani, alipokuja likizo. Lakini Évode kinyozi akarukia, "Haya, mmesikia! Jeshi gani hilo askari wake wanavishwa na fundi wa Gitega?" Duka zima likaangua kicheko.

Ningesema palepale yangeisha. Sikusema. Nilicheka nao, Aidah. Siku ya posa yako Mzee Gatera alisema mbele ya watu kwamba sisi ni familia ya sindano na uzi, nikaliweka moyoni. Kicheko kile kilinipa raha. Mungu anisamehe.

Kesho yake neno lilishafika Nyabugogo, liko kwenye simu za watu, eti fundi wake mwenyewe amekiri.

Jumamosi, kwenye mkutano baada ya usafi wa pamoja wa umuganda, nilisimama nikaeleza yote. Évode akanikata, "Mama Aidah, si bamwana wako huyo? Kaa chini, tumeelewa." Wakacheka kuliko mwanzo. Mzee mwenyewe alikuwepo. Hakunitazama.

Jana ameondoa jina lake. Leo nimeenda kumwomba msamaha, mkewe akaniambia mlangoni kwamba amelala. Saa nne asubuhi! Nikarudi.

Sasa mama, mwambie Ngabo wewe mwenyewe, kabla hajayasikia kwa wengine. Usipunguze kitu, hata hicho cha kucheka. Akikasirika, usinitetee. Hiyo ndiyo nyumba yako. Haya mengine niachie mimi.

Msalimie shangazi yako Umulisa, umbusu mtoto. Na Ngabo, kama atakubali salamu zangu. Mwenyezi Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ni mimi nikupendaye, niliyekukosea,
Mama yako, Swafiya