Kola ya Sare

Dada yangu mpendwa,

Hatujambo. Cherehani imekubali kushona tena, na jirani yetu bado anadai suruali zake zinapungua zenyewe kabatini.

Najua kwa nini umenyamaza. Unadhani mafua uliyokuja nayo ndiyo yaliyomlaza mwanangu hospitali. Nimemuuliza daktari. Anasema ugonjwa wenyewe ni adimu, na huenda kirusi kilichangia, ila hana hakika. Hicho anachokishuku si cha mafua. Wengi wetu tunacho mwilini tangu utotoni. Askari wa mwili wake walifukuza mwizi, kisha wakaendelea kupiga wenye nyumba.

Kama kuna kosa, ni langu. Shingo yake ilipovimba nilidhani amenenepa, nikatanua kola ya sare mara mbili. Fundi mzima, futi shingoni, nisione.

Sasa dawa zimemkubali. Jana nilifumua mishono yote miwili, nikairudisha kola ilivyokuwa. Ikamkaa sawasawa.

Njoo, dada. Kile kikombe mlichokuwa mkinywea pamoja hataki mtu akiguse. Anasema ni chake na mama mkubwa.

Mdogo wako,
fundi asiyejua kupima