Mabamba Yote ya Mkono wa Kulia

Mzee Gervas,

Kabla sijakuamkia nakuomba jambo moja: haya ninayokuandikia yabaki huko uliko. Usimwambie hata Mama Skola, mkeo aliyekutangulia, maana unajua alivyoshindwa kukaa na habari. Watu wangenicheka wakisikia namwomba marehemu afunge mdomo. Wacheke. Siku hizi huku Ngara neno moja la mtu mwenye gari linatosha kukuhamisha nchi.

Shikamoo, Mzee wangu.

Sijui kama habari zetu zinawafikia. Tulipokuzika Nyakisasa, barabara ile ilikuwa bado ya ng'ombe na baiskeli. Haukupita muda watu wakavuka mto kutoka Rwanda, wengi mno, na vilima tulivyovijua vina mikaratusi sasa vina maturubai. Kuni zimekwisha. Malori hayalali. Na kila kitu kinataka chuma: maghala, paa za zahanati, minara ya matangi ya maji. Kila chuma nacho kinataka mchoro. Ungekuwepo ungesema chama chetu cha wachoraji kimepata kazi ambayo kilizaliwa kuifanya. Mzee, chama chetu kinanuka.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza ofisini Biharamulo. Nilikuja na cheti changu kwenye bahasha, nimevaa tai ya kuazima, ukaniuliza, "Karani, unajua sisi ni nani?" Nikasema nyinyi ni wahandisi. Ukacheka. "Mhandisi anachora jengo. Sisi tunachora kipande. Fundi hawezi kukata jengo, anakata kipande. Kwa hiyo tukikosea sisi, hakuna atakayejua mpaka siku ya kusimamisha." Halafu ukanisimulia lile bwalo la shule ambalo vyuma vyake vya paa vilifika vizuri, vimepakwa rangi, na havikuungana. Mchoraji alikuwa amechora bamba moja la kuunganishia na kuandika litengenezwe hivyo hivyo kwa pande zote mbili, akasahau kwamba upande wa pili hugeuka, kama kiatu. "Wakaletewa viatu vya mguu wa kulia tupu!" Ulicheka mpaka ukafuta macho. Kisha ukaacha kucheka ghafla, ukaniambia kwamba mafundi walivilazimisha kwa nyundo na moto, na kwamba paa lilianguka watoto wakiwa wametoka nje kucheza. Wametoka, ulirudia. Kwa bahati tu.

Ndipo wachoraji wa wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, waliokuwa wakifichana kazi na kusengenyana kwa mafundi, mkakaa pamoja mkaanzisha Chama cha Wachoraji wa Vyuma. Hamkukianzisha ili mpate bendera wala sherehe. Mlitaka mchoro wa mtu mmoja usitoke ukiwa umepitiwa na macho ya mtu mmoja tu. Mkaweka ile desturi ya kuvisha: mwenzako anakata kipande chako kwa boksi gumu, kwa ukubwa wake kamili, wa kulia na wa kushoto, anakivisha kwenye fimbo zilizofungwa mfano wa vyuma huku wewe ukimsomea mchoro kwa sauti. Kisipovalika, mnarudi mezani. Karani anasimama anaangalia, na bila sahihi ya mkono wake muhuri haugongwi. Wateja walituita watoto wa chekechea kwa yale maboksi. Wewe ulipenda sana kuitwa hivyo.

Sasa sikia. Mwenyekiti wa leo ni Deogratias. Ndiyo, yule yule aliyelia makaburini mpaka akashikiliwa mabega. Udongo wa kaburi lako haujakauka, akasema kuvisha kunachelewesha kazi, mashirika yana haraka, watu wanakufa kwa kiu. Maneno mazuri. Akauchukua muhuri, akautia kwenye mfuko wa shati pamoja na njiti za meno. Nimemwona kwa macho yangu Nyakanazi, kwenye meza ya mishikaki, mate ya mafuta yakimtiririka kidevuni, akigonga michoro ambayo hata hakuifungua. Karatasi zilikuwa na alama za vidole vyake za mafuta ya mbuzi. Akaniambia, "Karibu kijana, kula, chama kinakulipia." Nilitoka nje nikatapika nyuma ya lori.

Basi ukaja mchoro wa mnara wa tangi la kambini. Miguu minne imelala kidogo kuelekea ndani, na kila mguu una mabamba ya kushikia vyuma vya mshazari. Miwili hugeukia huku, miwili kule. Mchoro ulisema mabamba ya miguu yote minne yakatwe sawasawa. Fundi Yusufu, ambaye hukata chuma kama kilivyoandikwa na hana muda wa kubishana, alikata. Alipopanga vipande chini uwanjani kwake akaja ofisini mbio, aproni kifuani. "Kalani," unajua anavyoniita, "hii miguu yote ni ya kulia. Mnara huu utatembea kwa mduara?" Nilicheka, kisha nikaufungua mchoro upya.

Nilimwambia Mwenyekiti. Alikuwa anachokonoa meno. Akasema, "Mkimbizi hachagui mnara."

Mzee, nimeandika sentensi hiyo na sasa nataka kunawa mikono.

Yusufu akakataa kuvilazimisha. Wakaletwa wengine. Walipasha moto mabamba wakayapinda, wakatoboa matundu mapya kwa moto wa gesi, wakachomelea mabaki juu ya nyufa, wakapaka rangi ya fedha. Ulipendeza. Likapandishwa tangi. Kilichobaki ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mnara umekaguliwa kwa desturi ya chama, na karatasi hiyo, kwa sheria uliyoiweka wewe, haikubaliki bila mkono wa karani. Akanipa kalamu yake. Nikasema naumwa tumbo.

Asubuhi yake nilidandia lori la mahindi mpaka kambini. Chini ya mnara kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto, madumu yamepangwa mpaka katikati ya miguu, kwa sababu pale tu ndipo penye kivuli. Maji yangefunguliwa mchana huo. Nilimtafuta msimamizi wa maji, dada mmoja mkali mwenye kofia ya jua, nikashindwa kusema. Kiswahili changu chote cha shule kilinitoka. Nikachukua boksi la biskuti, nikakata bamba la kulia na la kushoto kwa wembe, nikaenda nikaliweka la kulia kwenye mguu wa kwanza. Likakaa. Nikaweka la kushoto kwenye mguu wa pili, halikukaa. Chuma kilikuwa kimegeukia kwingine. Yeye mwenyewe akapitisha kidole kwenye lile bamba lililopindwa, akakuta ufa chini ya rangi. Akapiga kelele watu watoke pale.

Usidhani walinishukuru. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Wewe kijana wa karatasi, kwenu leo mtakunywa nini?" Maji sasa yanaletwa kwa magari na hayatoshi, wengine wanarudi kuchota bondeni. Mnara unafunguliwa kipande kwa kipande. Yusufu ndiye anakata mabamba mapya. Yule mama anazo haki zote za kunichukia, na mimi namchukia Deogratias kwa niaba yake.

Alinikuta ofisini nikikusanya vitu vyangu. "Nitahakikisha hupati hata kazi ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira." Hilo ningelivumilia. Kisha akainama, pumzi yake ya nyama usoni kwangu: "Nitawaambia askari wewe si Mhangaza wa hapa Ngara. Umevuka mto juzi. Lugha yako inafanana na ya kwao, nani atabisha?" Mzee, wapo waliopakiwa kwenye magari wakarudishwa ng'ambo kwa maneno machache kuliko hayo. Baba yangu alibatizwa na kuzikwa hapa hapa, lakini cheti chake nani anacho? Niliondoka kwa mlango wa nyuma. Ninaogopa kila buti ninalolisikia.

Buriani, Mzee wangu. Sikuweza kukusindikiza vizuri siku ile kwa sababu ya yule mtu kulia kwa sauti, basi nakusindikiza sasa. Nakuahidi hili: mkono wangu hautaingia kwenye karatasi ya chuma ambacho sikukiona kikivishwa, hata nikirudishwa ng'ambo ya mto nisikokujua. Na wachoraji wawili vijana wameniuliza kwa siri boksi hukatwaje. Nitawaonyesha.

Ukitaka kunifikia, usije ndotoni, nitapiga kelele na wenye nyumba watajua kuna mtu. Njoo mchana. Shuka Nyakanazi njia panda, upite nyuma ya wanaoziba matairi, nyumba ya wageni isiyo na kibao, chumba cha mwisho upande wa migomba. Usiniulizie kwa jina. Ulizia mpwa wa Yusufu, ndivyo alivyonitambulisha hapa. Ukifika mlangoni usiseme kitu. Kohoa tu, kile kikohozi chako cha tumbaku, nami nitafungua.