Usinitafute Jukwaani

Kyzyl, Tuva
Tarehe 9 Machi

Mpendwa dada yangu Choduraa,

Hujambo wewe, shemeji Eres na wanangu? Novosibirsk baridi imepungua? Huku mto Yenisei bado ni barafu tupu. Mwili wangu umepona, nashukuru. Moyo ndio mgonjwa.

Najua umeshanunua tikiti, na nakujua ulivyo, majirani wote umeshawatangazia kwamba mdogo wako anakuja kuimba na bendi ya Ak-Dash. Dada, usinitafute jukwaani. Siji.

Kwamba mimba iliharibika baada ya Shagaa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ulisikia. Yaliyofuata sikukuambia. Mama mkwe hakunifokea, na afadhali angefoka. Aliniletea supu ya kondoo, akakaa kitandani, akasema, “Mwanangu, kuimba kwa koo, huku kunguruma sauti mbili kwa pumzi moja, ni kazi ya wanaume. Mwanamke akilazimisha, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Tulikwambia, ukatuona washamba.”

Nikamwambia kwamba daktari kasema koo na tumbo wapi na wapi!

“Daktari yupi? Yule mtoto wa juzi?”

Nikamtazama mume wangu. Mergen huyuhuyu, mpiga ngoma wetu, aliyenitongoza akiniambia sauti yangu inalizima gitaa la umeme. Ananyonya mfupa tu. Mfupa ule uliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Nafasi yangu kapewa Sayan, yule mrefu wa Teeli. Nimemfundisha mwenyewe wimbo niliomtungia baba alipofariki. Anauimba vizuri, mshenzi yule. Sina kinyongo naye.

Tena nisimsingizie mtu, hakuna aliyenifunga mdomo. Ni mimi. Juzi nyumba ilikuwa tupu, nikashika fidla yangu, nikavuta pumzi niimbe, mkono ukaenda tumboni wenyewe. Nikaogopa. Mimi, Shenne, niliyekuwa nikiwacheka! Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mimi mtoto namtaka, dada. Namtaka kuliko wimbo wowote. Lakini tangu niache kuimba, nalia hata nikikoroga chai.

Msalimie sana Eres, nibusie Ayana na mdogo wake. Mwambie shangazi Seren dawa yake ya kifua nimeipata. Milima ya kwetu iwalinde huko mliko.

Jumamosi nenda, tikiti zisiharibike bure. Wapigie makofi. Ila Sayan akianza wimbo wa baba, nakuomba sana, usinipigie simu ili nisikie.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Shenne